Mpishi wa Malaba Aliyerudi Kuokota Takataka Barafuni

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo. Vuta kiti, punguza moto jikoni, na kama jirani amefungulia muziki mwombe aupunguze kidogo. Mimi ni Petronilla Adongo. Leo tunamkumbuka Methuselah Etyang wa Malaba, aliyefariki Jumapili iliyopita. Methuselah Etyang, mpishi, mume wa Mama Alupo mwenye loji pale karibu na reli.

Wengi wenu mnamjua kwa sura. Ni yule mzee asiye na miguu, aliyekaanga samaki akiwa ameketi kwenye kigoda, huku madereva wa malori wakisubiri foleni ya mpakani isogee. Walimwita Boss Barafu. Na kwa vile zamani alifanya kazi kwenye treni, watu wakaeneza kwamba treni ndiyo iliyomkata miguu. Hata mimi niliambiwa hivyo, na aliyeniambia aliapa kabisa. Si kweli, wasikilizaji wapendwa. Miguu ya Etyang haikukatwa na treni. Ilikufa kwa baridi, mbali sana, kwenye nchi ya barafu upande wa kusini kabisa wa dunia.

Alifikaje huko? Etyang alikuwa mpishi wa behewa la chakula kwenye treni ya Kampala. Siku moja abiria mmoja, baharia, alikula kuku wake akalamba vidole. Akamwambia, twende Mombasa, kuna meli inatafuta mpishi. Etyang akaenda. Kutoka meli moja akahamia nyingine, na mwaka wa sabini na tatu akajikuta kwenye meli inayobeba watalii. Matajiri wa nchi nyingi, waliolipa ili wakaone mahali ambapo hapajawahi kukaa mtu.

Huko hakuna kijiji. Hakuna mti. Kuna barafu, mawe, bahari, na ndege wanaoitwa pengwini. Pengwini haruki. Anatembea wima, mgongo mweusi, kifua cheupe. Etyang alikuwa akiwaambia madereva kwamba ukiwaona kwa mbali utadhani ni masista wa misheni wanatoka misa. Madereva wakicheka, naye anacheka.

Watalii waliteremshwa ufukweni kwa mashua. Walitembea katikati ya viota, ambavyo pengwini hujenga kwa mawe madogo, wakipiga picha. Ndege wakishtuka wanaacha mayai, na yai likiachwa kwenye baridi ile limekwisha. Walikanyaga majani mafupi laini yaliyoota juu ya mawe, na nyayo zao zikabaki. Wengine walitia mawe mfukoni, kumbukumbu ya kupeleka nyumbani. Kisha wakakaa kula. Chakula kilipikwa palepale ufukweni: kuku wa kuchoma, na matunda.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mambo yalipoanzia. Baada ya kula, wahudumu wengine walitupa mabaki baharini. Etyang aliona hiyo ni tabia mbaya. Yeye alilelewa Malaba. Kwetu, mnajua wenyewe, kila boma lina jaa nyuma ya jiko. Maganda, mifupa, majivu, yote yanaenda jaani, na jaa linalisha migomba. Mvua mbili tu, uchafu umekuwa udongo. Basi Etyang akasogeza mawe, akachimba kwa sepeto, akaweka mabaki yote, maganda ya ndizi, mifupa na matumbo ya kuku, akafunika vizuri. Kila waliposhuka pale msimu ule, alifanya hivyo. Alijiona ndiye mtu msafi kuliko wote melini, na kusema kweli mimi pia ningejiona hivyo.

Mama Alupo anakumbuka aliporudi likizo. "Alikuwa anacheka sana," ameniambia. "Ati, mama, mwaka ujao nitapata malenge imeota huko. Nitaletea wewe mbegu."

Mwaka uliofuata alirudi kwenye ufukwe uleule. Akaenda moja kwa moja kwenye jaa lake.

Hakuna kilichooza. Kule baridi haiachi kitu kioze. Ganda la ndizi lilikuwa zima kama siku alipolitupa. Na jaa lilikuwa limefukuliwa. Kuna ndege wengine kule, wakubwa, wa kahawia, wezi kama mwewe. Hao walikuwa wamefukua mifupa na matumbo ya kuku, wakayasambaza hadi kwenye viota vya pengwini. Na kwenye viota, vifaranga walikuwa wamelala. Wamekufa. Wengine walikuwa bado wanatetemeka, shingo zimepinda.

Nani hapa Busia hajui shingo ya kuku iliyopinda namna hiyo? Kideri. Ule ugonjwa unaopita kijijini na kuacha mabanda matupu. Mama yake Etyang alimaliziwa kuku wote na kideri, na yeye ndiye aliyewazika akiwa kijana.

Nataka kuwa mkweli kwenu. Hakuna daktari aliyewapima vifaranga wale. Siwezi kuwaambia ni kideri, na Etyang mwenyewe hakuwa na hakika. Huenda ni njaa, huenda ni kitu kingine. Lakini yeye aliamini kwamba mkono wake ndio ulioleta kifo pale. Alimwomba nahodha muda wa kuokota uchafu wote. Nahodha akasema hakuna nafasi, wageni wanasubiri supu.

Alirudi Malaba akiwa mtu mwingine. Mama Alupo anasema hakula kuku tena. Alikuwa akikaa mlangoni akiangalia jaa la nyumbani. Wakati huo loji ilikuwa imeanza kuchangamka, na mkewe alimsihi abaki.

"Nilimwambia, Etyang, wacha. Hiyo ni takataka ya wazungu," anasema Mama Alupo. "Akaniambia, hapana, ya wazungu iko baharini. Hii ni yangu. Kama haitoki, wale ndege wataisha."

Basi akaenda mara ya tatu. Hakuifuata kazi. Alifuata takataka.

Yaliyotokea huko nimeyapata kwa Ojwang wa Port Victoria, wakati huo kijana wa chumba cha injini kwenye meli hiyohiyo. Ojwang yuko nami hapa studio. Ameshika kofia yake mikononi tangu tulipoanza.

"Alishuka na mashua ya kwanza, na magunia," anasema Ojwang. "Wageni wakaenda kuona ndege, yeye akaanza kuokota. Ile kitu ilikuwa imeshikana na mawe. Akatoa glavu, akakwangua na kisu ya jikoni. Buti zilikuwa zimejaa maji, hakujali. Upepo ikaanza kuwa mbaya. Mashua ikachukua wageni kwanza. Ilipomrudia wakamwambia, mzee, ingia, lakini magunia wacha, mashua haiwezi beba yote. Akakataa. Akasema, nyinyi chukueni magunia, mimi nitangoja. Wakachukua magunia. Halafu bahari ikachafuka, mashua haikuweza kurudi mpaka kesho yake."

Usiku kucha, wasikilizaji wapendwa. Mtu wa Malaba, buti zimejaa maji, kwenye barafu. Walipompata alikuwa hai, lakini miguu ilikuwa imekwisha. Ilikatwa kwenye hospitali ya nchi ya mbali.

Na magunia? Naomba mama mwenye mtoto mdogo amtulize kidogo, maana hili linaniudhi hata kulisema. Magunia yaliwekwa kwenye ujia wa meli. Kwenye joto, ile takataka ikaanza kuoza, hatimaye. Abiria wakalalamika harufu. Jioni hiyohiyo, Etyang akiwa bado peke yake kule ufukweni, magunia yote yalimwagwa baharini. Alipoteza miguu kwa ajili ya kitu kilichotupwa kabla hata hajaokolewa.

"Mimi ndiye nilimwambia, hospitali," anasema Ojwang. "Hakulia. Aliuliza tu, wamemwaga mbali na ufuko ama karibu? Nikasema mbali. Nilikuwa sijui."

Hivyo ndivyo alivyorudi kwetu na kukaa kwenye kigoda kile, akikaanga samaki. Madereva walimpenda kwa utani wake. Kila baharia aliyepita Malaba aliulizwa swali moja: umefika kule? Mwaka huu aliugua mapafu, na dawa hazikusaidia. Ojwang, ambaye bado anafanya kazi kwenye meli ile, alikuja kumwona wiki mbili kabla ya kifo. Etyang hakuuliza habari ya mtu yeyote. Aliuliza habari za ndege.

Ojwang akamjibu, "Wako, mzee. Wamejaa mpaka huwezi pita."

Etyang akafumba macho, akasema asante. Mama Alupo anasema tangu siku hiyo alilala vizuri.

Mazishi ni Jumamosi, nyumbani kwake Malaba. Kwako Mama Alupo, kwa watoto, na kwa ukoo wote wa Etyang, sisi wa kipindi hiki tunasema poleni sana. Tumeondokewa na mtu aliyeona kosa lake akalifuata kwa miguu yake mwenyewe hadi miguu ikaisha. Nawaomba wasikilizaji, kabla ya kulala leo, kila mmoja afikirie mahali alipopita akiwa mgeni, na alichokiacha pale.

Ojwang ameniomba niseme neno la mwisho kwa niaba yake, kwa ruhusa ya Mama Alupo. Mwenyewe ameshindwa. Neno ni hili: siku hizi meli zinazokwenda kule ni mbili, wageni wameongezeka, na kuku bado anachomwa palepale. Msimu uliopita Ojwang alishuka kwenye ufukwe ule ili apate jibu la kumpelekea rafiki yake. Aliona nyayo za watu, na viota vya mawe, vingi sana. Hakukuwa na ndege hata mmoja.