Pepo Wetu

Kwenye treni, fundi viatu alimwambia dada muuguzi aliyekaa naye kwamba yule pepo wa tamthilia ya runinga anaua kwa wivu tu.

"Wivu wapi, kaka! Analinda nyumba," dada akang'aka. "Tena mimi namshukuru. Baba alininunia miaka na miaka, ila tangu pepo aanze, kila kipindi kikiisha ananipigia tubishane. Leo ndio mwisho wa tamthilia. Kesho tutaongea nini?"

Fundi akakuna kichwa. "Basi hata wakisema ni wivu, wewe kataa."

Mimi, niliyekaa nyuma yao, mwisho nilishaupata kwa njia za panya, na kuwaharibia watu utamu ndiyo starehe yangu. Siku hiyo nikaumeza.

Treni iliposimama, dada alikuwa ameshapiga simu. "Shikamoo baba. Kuna mtu huku anamsingizia pepo wetu!"