Aliteleza au Alipigwa? Pasi Anatuaga Leo

Leo, tarehe 30 Juni, king'ora cha saa kumi jioni kikilia, Mzee Pasi atakuwa ametimiza miaka thelathini na moja katika kiwanda chetu cha magodoro. Kesho asubuhi mashine zitawashwa yeye akiwa bado kitandani. Kama atalala, lakini. Shemeji, mkewe, ameshaniambia anajiandaa kuishi na mtu atakayezunguka sebuleni tangu alfajiri kama aliyepoteza funguo.

Uongozi uliponiomba mimi, mtunza stoo, niandike wasifu huu, kuna walioguna. Ofisa utumishi anaandika vizuri kuliko mimi, na mpishi wa kantini ana maneno kutushinda sote. Lakini wote hao hawana sifa niliyonayo mimi. Katika kiwanda kizima, ni mimi peke yangu niliyewahi kupigwa ngumi na Pasi mbele ya ukumbi uliojaa watu.

Vijana mlioajiriwa juzi, tuelewane. Huyo mzee mwembamba anayewapita koridoni bila kishindo alikuwa bingwa wa taifa wa uzito wa kati, na mkanda aliuchukua kwangu. Enzi hizo mimi niliitwa Kufuli, kwa sababu mikono yangu ikishafunga uso hakuna aliyeweza kuifungua. Nilikuwa sijawahi kulala sakafuni hata mara moja. Yeye aliitwa Pasi kwa sababu akikupitia, unanyooka.

Raundi ya sita nikaanguka, refa akahesabu mpaka kumi. Hapo ndipo ulipozaliwa ubishi ambao umekula chai yetu ya saa nne miaka yote hii. Siku ile mvua ilinyesha, bati la ukumbi likavuja, turubai la ulingo likalowa. Picha pekee iliyobaki ya pambano lile imebandikwa kantini, juu ya birika. Mimi niko hewani, mguu umekwenda upande, na Pasi amesimama mbali kidogo, mikono chini. Chini yake gazeti liliandika kwamba ndivyo nilivyoanguka raundi ya sita. Idara ya kushona wanasema macho hayana pazia, Kufuli aliteleza. Wapakiaji wanasema Kufuli alipigwa, picha ilichelewa tu. Mwaka juzi walizozana mpaka mpishi akatishia kuwanyima sukari pande zote mbili.

Kwao ni mzaha, lakini kwa Pasi jambo hili si mzaha. Alitetea mkanda mara mbili, kisha mfupa wa mkono wake wa kulia ukavunjika vibaya, daktari akamkataza ulingo. Waliompa changamoto mara zile mbili hawakuwa watu wa kutisha. Kwa hiyo ukubwa wake wote unaning'inia kwenye ile sekunde moja ya raundi ya sita. Kama niliteleza, alikuwa mtu wa bahati aliyeokota mkanda kwenye maji. Kama alinipiga, basi hatukuwahi kupata wa kumfikia. Na mwenyewe hajui. Anasema aliusikia mkono umegusa kitu, ila hajui kama ndio ulioniangusha au ulinikuta tayari naanguka. Mambo mengine ya siku ile yamemtoka kichwani, na jambo likishaandikwa gazetini hata aliyekuwepo huanza kujitilia shaka.

Alipoajiriwa hapa alinikuta nina mwaka mmoja stooni. Alikuja dirishani kuchukua koti la kazi, akanitazama, salamu akaisahau.

"Bwana wee, uliteleza?"

"Nitakuambia siku utakayostaafu," nikamjibu, nikampa koti.

Kesho yake akaja tena. Na kesho kutwa. Tangu hapo hakuna asubuhi ya kazi ambayo Pasi hakupita dirishani kwangu na swali lilelile, nami nikampa jibu lilelile pamoja na nyuzi na sindano za mashine. Mke wangu alipofariki, Pasi alikuja nyumbani, akakaa nami kimya siku mbili nzima. Siku ya tatu akaniinamia sikioni, akauliza taratibu kama niliteleza. Nikacheka mbele ya waombolezaji. Kilikuwa kicheko changu cha kwanza tangu msiba uingie, na nilikihitaji sana.

Kazini alianza kama mpakiaji, akahamia mashine ya kukata sponji, kisha akawa mkaguzi mpaka leo. Mnamjua anavyokagua: ngumi ya kushoto, ile nzima, anaizamisha godoroni, anaiondoa, anatazama sponji inavyopanda. Ikipanda kivivu, godoro linarudi. Wageni wakimwomba alipige kwa nguvu wampige picha, hukataa na kusema godoro halijamkosea. Ni mtu huyohuyo ambaye siku ya kupimwa afya hujificha nyuma ya marobota ya vitambaa kwa kuogopa sindano. Muuguzi wetu, mwanamke mfupi asiyefika begani kwake, amekuwa akimtoa huko kwa kumshika sikio.

Tazameni miguu yake leo, maana kesho hamtaiona. Korido yetu ni nyembamba, na watu hupita na magodoro kichwani bila kuona mbele. Dereva wa foklifti wamemgonga, ofisa utumishi wamemgonga, mkurugenzi mwenyewe aliwahi kubandikwa ukutani. Pasi hajaguswa. Anageuza bega, anateleza pembeni, godoro linapita, yeye anaendelea na safari bila hata kukata mluzi wake. Mimi nikiona hivyo huwa nasisimka mwili mzima, maana najua nilikoiona mara ya kwanza. Raundi tatu za mwanzo nilirusha ngumi zangu bora, nikapiga hewa tupu. Jamani, mtu yule alikuwa na kasi! Nimepambana na wenye nguvu kuliko yeye, na wenye mikono mirefu kuliko yake. Sijakutana na mwingine aliyenifanya nijihisi nimechelewa kila mara.

Haya, kaka Pasi, nina deni la ahadi, na siku yenyewe ndiyo hii. Idara ya kushona nao watege masikio.

Niliteleza kweli. Lakini ilikuwa raundi ya nne, na picha ya kantini ni ya raundi ya nne. Gazeti lilikosea. Itazame vizuri uone kwa nini mikono yako iko chini: uliniona naanguka peke yangu, ukarudi nyuma ukanisubiri nisimame. Mkanda wa taifa ulikuwa mbele yako, nawe ukasubiri. Kabla ya raundi ya tano walileta matambara, wakalifuta turubai mpaka likakauka. Raundi ya sita nilisimama imara kuliko ninavyosimama leo. Nikaliona bega lako la kulia likishuka. Nikajua ngumi inakuja, nikajua inatokea wapi, nikafunga mikono kama nilivyowafungia wote. Ikapita. Mpaka leo sijui ilipitia wapi. Ulinipiga, kaka. Sikuteleza, sikuchoka, sikuwa mgonjwa. Nilikuwa katika siku zangu bora kabisa, na ukanipiga sawasawa. Kwa hiyo asikudanganye mtu: ulikuwa mkubwa kuliko sisi sote.

Utasema nimekutesa bure miaka yote hii. Lakini ningekujibu siku ile ya kwanza, asubuhi iliyofuata ungekuja stooni kufuata nini? Koti ulikuwa umeshapewa.

Ahsante kwa magodoro yasiyohesabika ambayo watu wamelalia bila kujua ni bingwa aliyeyapitisha. Ahsante kwa zile siku tatu nyumbani kwangu. Sote tunakuombea afya, usingizi mzuri, na uzee wenye wajukuu wengi na sindano chache. Mimi bado nina miaka miwili hapa, na dirisha la stoo halijahamishwa. Asubuhi ukichoka kumzungukia shemeji sebuleni, pita. Ila utafute swali jingine.