Mama wa Sironka na Kadi za Wisconsin

— Na huko kwao, kuna mtu anaokota zetu?

Mzee Sironka aliuliza hivyo na hakuna aliyemjibu, kwa sababu wakati huo huo Wakili alikuwa ameinua juu picha ya samaki mkubwa kuliko boti.

Ilikuwa Noonkopir, Kitengela, mwaka wa 2004, kwenye benchi lililo nje ya bucha, pale Aweys anapouza kahawa ya tangawizi. Chuo kilikuwa kimefungwa kwa mgomo, nami nilikuwa nimerudi nyumbani na sanduku langu la kadi. Wakili ni Mbithi. Hajasomea sheria, ila amekaa sana kortini Kajiado akisikiliza kesi za watu. Redio ni Daud, ambaye hupata habari kabla hazijatokea. Sironka ni dalali wa ng'ombe na haongei bure. Mimi ni Nzula, na nakusanya postikadi za zamani za ziwa moja la Wisconsin, Amerika, mahali wazungu walikuwa wakienda likizo miaka ya hamsini: hoteli za mbao, boti, akina mama wenye kofia za kuogelea. Ya kwanza niliikuta ndani ya kitabu cha mitumba, soko la Ngong, mtu alikuwa ameiacha katikati ya kurasa. Tangu siku hiyo sijapona.

— Huyu samaki ni ushahidi, Wakili alisema. Wahenga walituambia samaki mkunje angali mbichi. Huyu hakukunjwa mapema, ona sasa.

Redio akasema hapana, hiyo ni dawa ya vita. Vita vilipoisha Wamarekani walikosa pa kuimwaga, wakaimwaga ziwani, samaki wakanenepa. Nikawaeleza kwamba ni mzaha wa mpiga picha, alimkata samaki wa kawaida akambandika kwenye boti ili wageni wacheke. Wakili akaniuliza kama nilikuwepo.

Sironka alikuwa anazipitia kadi moja moja, polepole, vile anavyokagua meno ya fahali.

— Maji haya ni ya chumvi, akasema.

— Ni matamu, mzee. Wanayanywa.

— Nzula, mwanangu. Maji yote haya, nyasi mpaka ukingoni, na hakuna ng'ombe hata mmoja? Hili ni Ziwa Magadi lingine.

Hapo benchi likaamka. Redio akaona kwamba hizo hoteli ni nyumba za kampuni ya magadi, na wale waliolala kwenye viti ni wafanyakazi wanaongoja zamu. Nguo wamevua kwa sababu ya joto, kwani Magadi si joto? Kikombe cha pili kilipoisha, Wisconsin haikuwa tena na likizo. Ilikuwa na kiwanda cha magadi, na samaki yule alikuwa anavuta mabehewa.

Halafu wakanigeukia.

— Swali la korti ni moja, Wakili alisema. Msichana wa hapa Kitengela, binti ya Kalekye, anatafuta nini kwenye ziwa la watu? Mkataa kwao ni mtumwa.

Nikasimama. Ni mazoea ya mdahalo, siwezi kubishana nikiwa nimeketi.

— Wakili, mzungu akisimama Namanga anunue kadi ya moran wa Kimasai anaruka, wewe humuulizi anatafuta nini. Unamwonyesha duka lingine. Yeye akikusanya anaitwa msomi. Mimi nikikusanya nimekataa kwetu. Nataka jibu.

Nami sikuwa nimemaliza. Nikageuza kadi.

— Soma nyuma hapa. Hoteli iko na jina, mwenye hoteli ameandikwa. Boti inaitwa Evelyn. Hata huyu samaki wa uongo ameandikiwa jina la mvuvi. Sasa niletee kadi moja ya Kajiado iliyoandikwa jina la mtu.

Redio akapiga benchi kwa kiganja. Nilikuwa nimeshinda, na kila mtu alijua.

— Ndiyo maana nikauliza, Sironka alisema. Huko kwao, kuna mtu anaokota zetu?

— Wako, mzee. Wengi sana.

— Basi mmoja wao ako na mama yangu.

Akatuambia. Kabla ya uhuru, mgeni fulani alimpiga mama yake picha kwenye stesheni ya Kajiado. Baadaye karani wa reli aliiona imekuwa kadi, dukani Nairobi. Sironka akaenda, akaonyeshwa za twiga. Mama alifariki mwaka wa El Nino. Picha pekee nyumbani ilikuwa ile ya kipande chake, yaani kitambulisho, na kipande chifu alikichukua baada ya mazishi, kama sheria inavyotaka.

— Wajukuu wananiuliza alifanana na nani. Nikisema alifanana na mimi, wanacheka.

Wakili akamrudisha samaki wake sandukuni.

Mimi sikuwa na wasiwasi. Niko na mama mmoja wa Wisconsin tunayebadilishana kadi, na cyber ya intaneti iko hapo mbele. Nikawaambia leo hii namwandikia, awatangazie wakusanyaji wenzake wote. Redio akasema wiki ijayo tutakuwa na picha. Wakili akaanza kunitungia barua kwa lugha ya korti. Ndipo Kafiya, bibi mpya wa Aweys, akafika na birika lingine. Alisikiliza huku akimimina.

— Lakini hiyo kadi haina jina, akasema. Huyo mtu akitazama akina mama wote wa Kimasai alionao, atajuaje ni yupi?

Hoja yenyewe ilikuwa yangu, nami nilikuwa nimeisahau.

Sironka akaweka kikombe chini.

— Ng'ombe wangu akipotea hata Tanzania, nikitaja mkato wa sikio anarudi. Akajigusa sikio la kushoto, akaendelea. Baba alikuwa askari. Alipoacha kazi, mama alikata kifungo cha koti lake, cha shaba, akakishona kwenye shanga za hapa. Hakukivua mpaka akafa, na siku ya picha alikuwa nacho.

Nikaandika hivyo hivyo, nikatuma. Bado tunangoja, kwa hivyo nakuomba wewe pia. Kama kwenu kuna kadi kuukuu ya mwanamke wa Kimasai, stesheni ikiwa nyuma yake, mtazame sikio la kushoto. Ukiona kifungo, tuma nakala kwa Aweys wa kahawa, Noonkopir. Kisha geuza kadi yako, chukua kalamu, uandike jina la mama huyo: Noonkishu.