Uzi Mwekundu wa Ghorofa ya Saba

Miaka thelathini na miwili, miezi minne, na siku kadhaa ambazo yeye mwenyewe anazijua kwa hesabu: huo ndio muda ambao Msimamizi wa Jengo letu amelitumikia. Ijumaa tarehe 28 mwezi huu, saa kumi alasiri, atarudisha funguo. Wengi wenu mnamwita Bwana Uzi bila kujua jina hilo lilitoka wapi. Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu wake kwa sababu nimekaa masijala, ghorofa ya saba, karibu muda wote huo, na pia kwa sababu, wamesema, mimi nina maneno mengi. Sikatai.

Aliajiriwa akiwa fundi umeme msaidizi, kijana mwembamba mwenye penseli sikioni. Jengo letu la ghorofa kumi na nne lilikuwa limefunguliwa mwaka huohuo, na sote tulilionea fahari ya kijinga. Taa ziliwaka mchana kweupe. Viyoyozi viliwagandisha watu hadi akina mama wa ghorofa ya nne wakawa wanakuja na masweta wakati wa joto kali, na waliozidiwa na baridi walifungua madirisha ili wapate joto, mashine nazo zikiendelea kunguruma. Jambo hilo lilimuuma utadhani umeme ule ulitoka mwilini mwake.

Akaanza kuzima. Alizima taa za korido, za ngazi, za stoo. Siku moja alizima za choo cha ghorofa ya kumi na mbili, kumbe Mkurugenzi wa wakati ule yumo ndani. Walioshuhudia wanasema alimwomba radhi kupitia mlangoni kwa adabu zote, akawasha, halafu akamuuliza mheshimiwa, kwa kuwa yumo humohumo, kama bomba bado linavuja. Lilikuwa linavuja.

Miaka kumi na tisa iliyopita yakatangazwa mashindano ya majengo makubwa ya mjini ya kupunguza matumizi ya umeme. Hapo ndugu yetu, ambaye sasa alikuwa ameshapanda kuwa Msimamizi, akapata wazimu. Juu ya paa kuna vifuniko vinavyoingiza hewa safi kutoka nje. Hewa ya nje ni ya moto, na kuipoza kunakula umeme. Akavifunga vyote, madirisha nayo akayakaza kwa skrubu, mashine zikawa zinazungusha hewa ileile ya ndani. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Yeye aliziba hata pasipo na ufa. Mita ikatulia, tukashinda, akapewa cheti chenye fremu ya rangi ya dhahabu. Akakitundika pale mapokezi, mahali ambapo hata mleta barua hakuweza kukikwepa.

Sasa niseme yaliyonipata mimi. Ghorofa ya saba, ikifika saa nane mchana, macho yaliwasha, vichwa vikawa vizito, na kila mtu alipiga miayo juu ya mafaili. Ruhusa za ugonjwa zikazidi. Wapo waliosema ni uvivu, wapo waliosema ni zulia jipya, na mwenzangu mmoja wa masijala alisema wazi kwamba tumeonewa wivu na ghorofa ya nane. Pumu niliyoiacha shule ya msingi ikanirudia. Nilikuwa na watoto wawili na mama mgonjwa, kazi hii ndiyo ilikuwa ikitulisha, na kila jioni nilitoka humu nikihema kama niliyefukuzwa. Nikaandika barua ya kuacha kazi, nikaificha kwenye droo, nikawa najipa wiki moja moja.

Droo ikakwama. Akaitwa Msimamizi. Aliivuta kwa nguvu, ikatoka na vyote vilivyokuwemo, na barua ikaanguka miguuni pake, kichwa chake cha habari kikiwa juu. Alikisoma, wala hakujifanya hajakiona. Alivuta kiti akaniuliza taratibu, kama kaka anavyomuuliza dada yake, nimesibiwa na nini. Nikamweleza kwamba Jumapili nyumbani sina hata kikohozi, na Jumatatu saa nane mimi ni mgonjwa. Akauliza imeanza lini. Nikahesabu kwa vidole, nikautaja mwezi. Ulikuwa mwezi wa vifuniko. Jamani, uso wake ulivyobadilika! Aliondoka akaiacha droo sakafuni, na ngazi za kwenda paani alizipanda mbili mbili.

Kesho yake, kwenye mkutano wa wafanyakazi wote, alisimama bila kuitwa. Alisema kikulacho ki nguoni mwako, na kwamba aliyekuwa akitula ni yeye. Akaeleza alichofanya, akaomba radhi, kisha akaenda mapokezi akakishusha cheti kwa mkono wake. Nimefanya kazi na watu wengi wenye vyeti. Huyo ndiye pekee niliyemwona akikishusha.

Uongozi haukufurahi. Waliona akivifungua vifuniko atawarudisha kulekule kwenye mita za kukimbia. Aliomba miaka miwili, na akishindwa wamtoe. Basi akajitosa. Alipaka paa rangi nyeupe. Aliosha vichujio vilivyokuwa vimeota vumbi mpaka huoni waya. Alizoea kufungua vifuniko alfajiri, hewa ya nje ikiwa bado ya ubaridi, ili jengo lipumue kabla jua halijapanda. Alizitoa mashine za fotokopi kwenye vyumba vilivyofungwa. Alipanga viyoyozi kwenye nyuzijoto ishirini na nne, na hapo akagombana na wanasheria wa ghorofa ya kumi na moja mpaka wakapatana kwa kuchoshana. Mwaka wa kwanza mita ilipanda, na maneno yakawa mengi. Wa pili ilishuka chini kuliko siku za cheti, na vifuniko viko wazi. Kufikia hapo mimi nilikuwa sijui hata dawa yangu ya kuvuta iko kwenye pochi gani.

Na uzi je? Tangu siku ya droo hakuiamini tena mita peke yake. Alichukua rula ya mbao, akaifungia uzi mwekundu aliouchomoa kwenye kikapu cha kufumia cha mkewe, na kila asubuhi akawa anapita ghorofa zote, akiinua rula chini ya kila tundu la hewa. Uzi ukicheza, anaenda zake. Ukining'inia tu, habanduki mpaka ajue kwa nini. Shemeji yetu analalamika hadi leo kwamba kuna sweta lilikosa mkono kwa ajili yetu. Mwaka juzi tuliwekewa skrini zinazoonyesha hali ya hewa ya kila chumba, naye alizifurahia kwelikweli. Wiki ya pili skrini ikasema masijala kwema, uzi ukakataa. Tukakuta mwenzangu yuleyule wa wivu amerundika mafaili juu ya kabati mpaka yakaziba tundu.

Tangu litoke tangazo la kustaafu kwake, nimemwona hana raha. Kampuni itakayochukua kazi yake itakuja mara moja kwa mwezi. Alipita ghorofa kwa ghorofa akijifanya anaaga, kumbe anachagua watu. Wiki iliyopita kila ghorofa ilipata rula yake na mtu wake, na maelekezo ya dakika tano ambayo kwake yalichukua nusu saa. Ya saba amenipa mimi. Aliniuliza kama nitaweza, nami nikamjibu kwa mzaha, la sivyo ningelia.

Kaka, ahsante. Tunakuombea uzee wa raha, wajukuu wasiokupa nafasi ya kukaa, na nyumba yenye madirisha yanayofunguka. Shemeji, nyuzi zako sasa ni zako. Ile barua bado ninayo, imo kwenye droo ileile. Ijumaa nitakukabidhi mbele ya watu wote, uichane mwenyewe. Na ili ulale usingizi: leo asubuhi, saa mbili kasorobo, niliinua rula masijala. Uzi ulicheza.