Nikolausi Bura, Aliyejenga Nyumba Hadi Jikoni

Tarehe 30 Juni mwaka huu Ndugu Nikolausi Bura, fundi sanifu majengo wa halmashauri yetu, anastaafu baada ya miaka thelathini na minne kazini. Alianzia Katesh akisimamia ujenzi wa madarasa, kisha akahamia Mbulu, na futi kamba haikumtoka mfukoni. Hata harusini alipima kwanza mlango wa ukumbi ndipo akasalimia wenyeji.

Kazi tutakayomkumbukia ilianza halmashauri ilipotenga fungu la kuwajengea nyumba watu wenye ulemavu. Nyumba ya kwanza ilijengwa Endagikot kwa Mama Bernadina, aliyepooza miguu baada ya kuanguka kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Milango ilikuwa mipana, choo kilikuwa ndani, na njia ya mteremko ilifuata kanuni aliyotufundisha sote: kupanda sentimita moja kunahitaji mwendo wa sentimita kumi na mbili. Siku ya makabidhiano tulipiga makofi, nami nikiwemo.

Miezi miwili baadaye Bura alipita kumsalimia, akamkuta anafunga mizigo ahamie kwa kaka yake. Mama alisema nyumba ni nzuri, lakini anaishi humo kama mgeni. Huku kwetu jiko ni kibanda cha peke yake, ng'ambo ya ua, na mchoro wetu uliishia kwenye kuta za nyumba. Ua ulikuwa tope, kibanda kilikuwa na kizingiti, mafiga yalikuwa chini kabisa. Mama aliyelea watoto sita alikuwa akingoja jirani amletee sahani.

Wengine tungeandika ripoti. Bura aliazima kiti mwendo zahanati, akaketi, akasema anakwenda jikoni kumchemshia chai. Alikwama katikati ya ua.

"Haya fundi, mimi nangoja chai yangu!" Mama Bernadina alimwita kutoka mlangoni.

Majirani walicheka, naye akacheka. Kabla ya kuondoka alimwomba asihame mpaka kamati ya halmashauri ikae.

Kikaoni aliambiwa kuwa fungu ni la nyumba, si la vibanda. Akakiri kwamba kosa lilikuwa la mchoro wake, kisha akawauliza wajumbe ni nani kati yao anaishi kwenye nyumba isiyo na jiko. Mwongozo ulibadilishwa, na nyumba zote kumi na moja zilizojengwa tangu hapo, hadi Tumati, zina njia ya zege inayofika jikoni na mafiga yaliyoinuliwa. Kwa Mama Bernadina vilijengwa kwanza.

Mzee Bura, tunakushukuru kwa kutufundisha kupima upya. Makande tunayokula leo yamepikwa Endagikot, na mpishi ameketi hapa pamoja nasi. Kapumzike salama, uwe na afya na miaka mingi yenye furaha. Ila usiache kupita kwa Mama Bernadina: anasema njia sasa ni nzuri, na ile chai bado anaingoja.