Sehemu Nne za Jeki za Cyril Tranter

Wasikilizaji wapendwa, teremsheni birika, vuteni kiti, leo tunaye mtu wa kumkumbuka. Ni Cyril Tranter wa Cradley Heath, fundi wa chuma. Alifariki tarehe tisa Aprili akiwa na miaka themanini. Wengi wenu mlimjua kwa ubishi. Hata mimi nilimjua kwa ubishi. Nilipomwomba mkewe, Bi Noreen, ruhusa ya kumsimulia, alinijibu hivi: "Sema yote. Usimpake asali. Angekuwepo angekuzimia redio."

Basi nasema yote.

Mwaka 1990 kiwanda cha minyororo alichofanyia kazi kilifungwa. Cyril alikuwa na gari la michezo la mwaka 1968, jekundu, la viti viwili, lisilo na paa. Akaamua kuliuza kabla ya baridi kuingia. Lakini chini yake kulikuwa na balaa. Kila gari la namna ile lina sehemu nne za kuwekea jeki, mbili kila ubavu, unapolinyanyua ukipata pancha. Zote nne zilikuwa zimeliwa na kutu. Na kutu ya namna ile, wasikilizaji, ni kukata chuma kibovu na kuchomelea kipya. La kuvunda halina ubani.

Cyril alilijua hilo kuliko mtu yeyote mtaani kwake. Hata hivyo alichukua gazeti la jioni, akalikunjakunja, akalishindilia kwenye matundu. Juu yake akapiga puti, ule udongo wa kuzibia bodi za magari. Juu ya puti akapaka rangi nyeusi nzito. Ukitazama, ungeapa ni chuma. Ni ujanja uliofanywa na wengi, na wengine wenu mnaonisikiliza mnajifanya kukohoa. Jumamosi akaja muuguzi kijana, Lorraine Yarnold, akalipenda gari, akaondoka nalo akipiga honi.

Lorraine aliliendesha majira mawili tu ya joto. Kisha akapata watoto, gari likafunikwa turubai bandani. Miaka ikapita. Cyril hakumwambia mtu, hata Noreen.

Septemba mwaka 2022, Jumapili asubuhi, klabu ya magari ya zamani ilikutana kwenye ua wa baa, kama kawaida yao. Cyril alifika kwa miguu, kwa kuwa gari lake la wakati huo lilikuwa vipande vipande gerejini.

"Cyril!" wakamtania. "Leo umekuja na gari au na visingizio?"

"Nimekuja na mdomo. Unatosha kuwashinda nyote."

Ndipo likaingia lile jekundu, limefufuliwa kutoka bandani. Cyril alilitambua kabla halijasimama. Lorraine alishuka, mama wa miaka hamsini na minane sasa, akicheka. Hakumtambua. Akamsifia gari ambalo Cyril mwenyewe ndiye aliyemuuzia.

"Huyu hajawahi kunipa pancha hata moja, mzee wangu. Mwezi wa tano tunaenda Uskoti, mimi na yeye tu. Jeki iko nyuma kule, haijaguswa!"

Cyril aliaga akarudi nyumbani. Noreen anasema nyama ya Jumapili ilipoa mbele yake. Ndipo akalitoa lote: gazeti, puti, rangi. Mama akiwa peke yake barabarani, akaweka jeki pale, gari lingemwangukia.

"Kamwambie," alisema Noreen.

"Atanichukia."

"Heri akuchukie akiwa hai."

Nisiwadanganye, hakwenda siku ile. Alijaribu kwanza njia ya panya. Alimpigia Lorraine simu, akajidai ni mwanaklabu mkarimu anayejitolea kulikagua gari bure. Lorraine akamshukuru sana, akasema ana fundi wake. Simu ikakatwa. Cyril akabaki ameishika, amefedheheka, na njia iliyobaki ilikuwa moja.

Kesho yake alikwenda nyumbani kwa Lorraine, Halesowen. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akasema: "Mama, mimi ndiye niliyekuuzia lile gari. Na nilikudanganya."

Lorraine alimsikiliza hadi mwisho. Hakumkaribisha chai, na kwetu hapa mnajua maana yake. Aliingia ndani, akatoka na bisibisi, akamkabidhi. "Nionyeshe."

Cyril alipiga magoti, akabonyeza kwenye rangi nyeusi. Bisibisi ikazama hadi kwenye mpini. Alipoichomoa, ilikuja na kipande cha gazeti, na matokeo ya mpira yalikuwa bado yanasomeka.

"Nilimpakia mwanangu humu," Lorraine alisema. "Mtoto mchanga. Ulijua?"

"Sikujua kuhusu mtoto. La kutu nililijua."

Lorraine ameniambia mwenyewe kwamba alitamani kumpiga na ile bisibisi. Badala yake alimpa sharti. "Utalitengeneza wewe, kwa mikono yako. Kila Alhamisi nitakuja. Na usipake tone la rangi kabla sijaona chuma kitupu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

Kazi ilianza Novemba. Wakati huo daktari alikuwa amekwisha kumkataza kuchomelea, maana kifua chake kilikuwa kimeharibika. Noreen alimfuata gerejini akimfokea: "Wewe na hilo gari, sijui nani ana kutu zaidi!" Cyril akajibu kwamba gari lina nafuu, linapatiwa vipuri. Bintiye Gaynor alimletea kinyago cha kuzuia moshi, akamwapisha kukivaa. Alikivaa. Alifanya kazi kwa saa moja, akapumzika kwa saa mbili.

Na hapa ndipo alipokosea, yeye fundi mwenye uzoefu wa miaka hamsini. Gari lisilo na paa linashikiliwa na kile kizingiti cha chuma chini ya mlango, na humo ndimo zilimo sehemu za jeki. Ukikikata kabla hujafunga nondo ya kushikilia uwazi wa mlango, gari linajikunja katikati. Kila mtu klabuni anaijua kanuni hiyo. Cyril alikuwa akiwafundisha wengine. Lakini siku ile pumzi ilikuwa fupi, na kufunga nondo ni kazi ya siku nzima. Akakata bila nondo. Akachomelea vizuri, mshono umenyooka. Alipofunga mlango, ukagoma. Juu ulikuwa unagusana chuma kwa chuma.

Jirani yake Horace, mwanaklabu mwenzake, alichungulia akasema, "Sogeza bawaba kidogo, piga msasa pale ukingoni. Nani atajua?"

"Mimi."

"Wewe na nani mwingine?"

"Mimi peke yangu nimetosha miaka thelathini na miwili, Horace. Nipe grenda."

Alikata tena. Kazi ya wiki tatu aliitupa chini. Alifunga nondo, akapima, akapima tena, akaanza upya. Lorraine alipokuja Alhamisi, akakuta gari limefumuliwa. Cyril alimweleza kosa lake bila kuulizwa. Siku hiyo, anasema Lorraine, ndiyo ya kwanza kukubali kikombe cha chai mikononi mwa Noreen.

Sehemu ya kwanza ikakamilika, ya pili, ya tatu. Kila moja Lorraine aliipiga tochi, akapitisha kidole kwenye mshono, ndipo akasema, "Paka." Ya nne ilikwisha mwanzoni mwa Machi. Wakalinyanyua kwa jeki, kona moja baada ya nyingine. Gari likiwa juu kabisa, Lorraine alifungua mlango na kuufunga kwa kidole kimoja. Hakusema amemsamehe. Alisema, "Mzee, kazi ni nzuri." Cyril alikwenda kukaa kwenye ngazi za jikoni, akalia waziwazi.

Mwezi mmoja baadaye Cyril Tranter alifariki, kitandani kwake, tarehe tisa Aprili.

Mei Lorraine akaenda Uskoti. Siku ya nne, simu ikalia kwa Noreen. Upepo, mvua, na sauti ya Lorraine akihema.

"Noreen, nimepata pancha. Mbele, upande wa kushoto. Niko peke yangu."

"Mungu wangu. Umefanyaje?"

"Nimeweka jeki. Nimepampu. Nilifumba macho, Noreen."

"Halafu?"

"Likanyanyuka. Halikutoa hata mlio. Nimeshabadili tairi."

Noreen anasema alikaa sakafuni na simu sikioni. Mazishini hakuwa amelia. Alilia hapo. Kisha akamwambia Lorraine asisimame kwenye mvua, avae koti, ashike njia.

Wasikilizaji wapendwa, pole zetu za dhati ziwafikie Bi Noreen, Gaynor, na wanaklabu wote. Msiba huu ni wetu sote. Nasi tuliobaki tujiulize. Cyril Tranter alihitaji miaka thelathini na miwili kusema alichofanya, na miezi minne kukitengeneza. Wewe umepaka rangi juu ya nini? Mtafute mwenye nacho leo, kabla hajaweka jeki.