Nyundo ya Mama Bilonda

Wasikilizaji wapendwa, mlio hapa Kolwezi na mlio Fungurume, leo tunamkumbuka Mama Bilonda. Mama Bilonda, mtunza depo, ghala la kemikali za mgodi. Mama Bilonda wa nyundo na msumari. Ukicheka, cheka tu. Hata yeye angecheka.

Depo yake ilikuwa na sheria. Asidi upande huu, soda kali ya kiwandani upande ule, ukuta katikati. Vinavyoshika moto, mbali kabisa, chini ya paa lao wenyewe. Dereva akileta pipa lisilo na alama, linarudi lilikotoka. Aliwaambia wafanyakazi wake: "Asidi na soda ni bambanda, bibi babili ba bwana mumoya. Kila moya na nyumba yake, ao bitachoma lupango muzima, nyumba na kiwanja!"

Na bidoni tupu, yaani dumu la plastiki, je? Alilitoboa. Kila bidoni la buluu lililokwisha asidi: nyundo, msumari, tundu. Maana tunajijua. Kwetu bidoni halitupwi, linachotewa maji. Watu walimnunia. Hakujali.

Basi mdogo wake, Mama Mamie, anauza munkoyo, kinywaji cha mahindi, sokoni Fungurume. Alipata bidoni la buluu kwingine, akalisugua kwa mchanga na sabuni, akalijaza kinywaji. Mama Bilonda akafika, akaona alama ya asidi iliyokwanguliwa. Hakuuliza. Aligonga msumari mbele ya wateja, munkoyo wote ukamwagika.

"Mi nililiaka na hasira," Mama Mamie ametuambia. "Nikamuambia: yaya, usinisemeshe tena." Yaya, yaani dada mkubwa.

Kesho yake Mama Mamie alikuta ndoo mpya nyeupe mlangoni, dada yake ameiacha. Ndoo aliipokea. Lakini hakumpokea dada yake. Miaka ikapita hivyo, wasikilizaji, na inauma.

Mwezi uliopita moyo wa Mama Bilonda ulisimama. Matangani, vijana wakaleta maji ya kunywa. Ndani ya bidoni la buluu! Mama Mamie akainuka. "Munipe nyundo ya yaya." Akalitoboa mwenyewe, maji yakatiririka uani. Kisha akaketi chini, akalia.

"Ile ndoo yake, ndiyo niko nauzishia munkoyo mpaka leo," anasema. "Sikumuambiaka hata siku moya."

Pole sana, Mama Mamie. Pole, Tata Kabasele, mume wa marehemu. Poleni, watoto na wafanyakazi wa depo. Mungu amlaze pema.

Nasi tuliobaki? Kama una yaya uliyemnunia, mpigie leo. Kisha nenda jikoni, ukatazame bidoni lako la maji lina rangi gani. Nyundo unayo.